Ndoo iliyogeuka chokaa: kemia ya tangi la matumbawe ukiwa Kigoma

Chumvi ilikuwa halali, ile inayotengenezwa maalumu kwa matangi ya matumbawe, yaani matangi ya kioo ya kufugia matumbawe hai nyumbani. Maji yalikuwa ya bomba, hapa hapa Mwanga, mjini Kigoma, angavu kama siku zote. Nilijaza ndoo ya lita 20, nikamwaga chumvi takriban robo tatu ya kilo, nikawasha pampu ndogo ya kukorogea, nikaenda kula. Niliporudi, ndoo ilikuwa nyeupe kama maji ya kuoshea mchele. Kufikia asubuhi weupe ule ulikuwa umetuama chini, tope laini lililoshika hadi kwenye mdomo wa pampu. Jirani yangu, mzee mmoja mwenyeji wa Ujiji, alichungulia akauliza, "Mwanangu, unapaka nyumba?"

Hakuwa mbali na ukweli. Kilichokuwa chini ya ndoo ni kaboneti ya kalsiamu, ndugu wa karibu wa chokaa.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu karibu kila fundo la kemia ya tangi la matumbawe limo ndani ya ndoo ile. Wengi tunaanza na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji (ikishuka, uasidi umezidi), kwa kuwa ndicho kipimo rahisi kupata na namba yake inaonekana kueleweka. Maelekezo yanasema pH ya tangi iwe kati ya 8 na 8.4. Maji ya Ziwa Tanganyika, ambayo ndiyo ya bomba letu, yana pH inayokaribia 9. Basi mtu wa Kigoma anajiambia: wenzetu wenye maji laini wanahangaika kuipandisha, sisi Mungu ametupa ya ziada. Ndivyo nilivyojiambia. Samaki wa mapambo wa ziwani nimewafuga kwa muda, wale wa jamii ya Tropheus, na kwao maji ya bomba yaliyotolewa klorini hayana mjadala. Nikadhani bahari ni ziwa lililotiwa chumvi.

Tuyaweke maji hayo mawili pamoja. Lita moja ya maji ya Tanganyika ina takriban miligramu 10 za kalsiamu, 40 za magnesiamu na 60 za sodiamu. Lita ya maji ya bahari ina kalsiamu kama miligramu 410, magnesiamu 1,290, sodiamu 10,800 hivi, na kloridi zaidi ya 19,000. Ziwa halifui dafu. Lakini kuna kitu kimoja ambacho ziwa letu limejaliwa kuishinda bahari, nacho ni bikaboneti. Wafugaji hukipima kwa jina la ualkali, yaani uwezo wa maji kuimeza asidi bila pH kuporomoka, na kipimo chake ni digrii zinazoandikwa dKH. Bahari ina digrii 7 hivi. Ziwa Tanganyika lina kati ya 16 na 19.

Sababu iko kwenye umri na umbo la ziwa lenyewe. Ziwa hili limekaa mamilioni ya miaka kwenye bonde la ufa, mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Lukuga upande wa Kongo, na maji mengi huondoka kwa kuvukizwa na jua badala ya kutiririka. Mvuke haubebi chumvi. Kaskazini, Mto Ruzizi unashusha maji kutoka Ziwa Kivu, nchi ya volkano, yakiwa yamesheheni madini. Kinachoingia hukaa.

Sasa turudi kwenye ndoo. Chumvi ya matumbawe imetengenezwa iyeyushwe kwenye maji matupu, na ikishayeyuka itoe bahari kamili: kalsiamu 420, ualkali digrii 8. Mimi niliiyeyusha kwenye maji ambayo tayari yana digrii 18. Jumla 26. Hakuna maji yanayoweza kushikilia kalsiamu ya bahari na bikaboneti ya Tanganyika kwa wakati mmoja. Viwili hivyo vikikutana kwa wingi namna hiyo vinashikana na kuwa jiwe. Hesabu yake haina siri. Kila ualkali unaposhuka digrii 2.8 kwa njia hii, kalsiamu nayo inashuka miligramu 20 kwa lita. Kutoka digrii 26 kurudi 8 ni kushuka 18, kwa hiyo zinaondoka miligramu 130 hivi za kalsiamu. Ukisubiri maji yatulie ukayachota yale ya juu, yaliyo angavu, utakuwa na maji yenye chumvi sawasawa, pH ya kupendeza, na kalsiamu ya 300 badala ya 430. Mwenye kupima pH peke yake angesema yako tayari.

Tumbawe linaishi kwa mmenyuko huu huu. Mnyama yule mdogo, laini, huvuta kalsiamu na bikaboneti kutoka kwenye maji na kujijengea mifupa ya kaboneti ya kalsiamu. Wazee wa pwani walilijua jiwe hilo kwa matumizi: majumba ya Kilwa na Unguja yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa ya kuyashikanisha ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Tofauti kati ya mwamba wa bahari na ndoo yangu ni mahali tu. Tumbawe linaijenga chokaa kidogo kidogo ndani ya mwili wake. Ndoo yangu iliijenga kila mahali kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo kazi yote ya mwenye tangi, nijuavyo mimi, ni kuyaweka maji kwenye ukingo: yawe na kalsiamu na bikaboneti nyingi kuliko yanavyopaswa kubeba, ila yasijue kama yamezidiwa.

Anayeyadanganya maji ni magnesiamu. Punje ya kaboneti ya kalsiamu inapoanza kuota, magnesiamu hujipachika juu yake na kuiharibia mpangilio, ukuaji ukasita. Ndiyo maana bahari inaweza kuwa na ziada miaka nenda rudi bila kugeuka uji. Magnesiamu ikiwa kati ya 1,250 na 1,350, kalsiamu na ualkali vinatulia. Ikishuka sana, utatia kalsiamu leo na kesho huioni, utatia bikaboneti na kesho huioni, mpaka uanze kuwashuku wauzaji wa dawa za vipimo. Nimeshaona mtu akihangaika mwezi mzima na namba mbili wakati tatizo liko kwenye ya tatu ambayo hakuwa na kipimo chake.

Fundo la kwanza kufunguliwa, basi, ni maji yenyewe, kabla ya chumvi. Yanatakiwa matupu kabisa. Kile kipimo cha mkono kinachosoma jumla ya vitu vilivyoyeyuka huonyesha zaidi ya 300 kwa maji ya bomba ya hapa kwetu. Tangi la matumbawe linataka sifuri au jirani yake. Mashine ya kuchuja kwa utando, ikifuatiwa na kichujio cha resini inayonasa madini yaliyobaki, inafanya kazi hiyo, ingawa kwa kila lita unayopata unamwaga kadhaa (zimwagie mchicha, haujali). Asiye na mashine atafikiria maji ya betri yanayouzwa kwa mafundi magari. Hayo kwa kawaida ni maji yaliyotolewa madini na kwa tangi dogo yanafaa, mradi ukihakikisha umenunua maji na si asidi ya betri. Vidumu hukaa rafu moja. Ya chupa za kunywa usiyategemee, kwa kuwa viwanda vingi huyachuja kisha huyarudishia madini kwa ajili ya ladha.

Mvua je? Kuanzia Novemba hadi Aprili Kigoma haina shida ya mvua, na maji ya mvua ni karibu matupu yanapoanguka. Shida ni bati. Mabati yetu yamepakwa zinki, na maji ya mvua yenye uasidi kidogo huilamba. Binadamu hatajua. Konokono, kamba na matumbawe watajua, kwa sababu viumbe wasio na uti wa mgongo hawavumilii zinki wala shaba hata kwa kiasi kidogo mno. Ukitaka ya mvua, tandika nailoni safi uwanjani, acha mvua ya dakika za mwanzo ioshe hewa, kisha kinga, na bado yapitishe kwenye resini. Kwa sababu hiyo hiyo ya shaba, dawa nyingi za kutibu samaki haziruhusiwi kukaribia tangi la matumbawe.

Kuna anayesema heri kuleta maji ya bahari yenyewe. Reli ilifika hapa mwaka 1914 na inatoka Dar es Salaam, kilomita 1,250 na ushei, kwa hiyo njia ipo. Lita 100 za maji ya bahari zina uzito unaozidi kilo 100, na utahitaji kubadilisha sehemu ya maji kila wiki au wiki mbili. Fanya hesabu ya nauli mwenyewe.

Chumvi ndiyo inayowachanganya watu wa mkoa huu kuliko wote, kwa kuwa sisi tuna chumvi yetu. Chemchemi za Uvinza, pale Ruchugi inapokutana na Malagarasi, zimepikwa chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na sifa ya chumvi ile ni usafi wake. Usafi huo ndio unaoiondolea sifa kwenye tangi. Ni kloridi ya sodiamu karibu tupu. Katika chumvi iliyoyeyuka baharini, kloridi ni asilimia 55 na sodiamu 30 na kitu. Asilimia 14 iliyobaki ni salfeti, magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na bikaboneti. Samaki wa bahari anaweza kukaa kwa muda kwenye maji ya chumvi ya mezani. Tumbawe limo humo kama fundi mwashi aliyeitwa kazini asipewe saruji.

Na usidhani chumvi ya mawe ya pwani itakuokoa kwa vile imetoka baharini. Maji ya bahari yakianikwa kwenye mabwawa, kaboneti ya kalsiamu hutangulia kuganda, ikifuatiwa na jasi, halafu ndipo inakuja chumvi tunayoitaka jikoni. Magnesiamu na potasiamu hubaki kwenye maji machungu ya mwisho, nayo humwagwa. Yaani mvunaji huondoa kwa makusudi vile vile unavyovitafuta. Juu ya hapo inawekwa madini joto. Bahari ikishavunjwa vipande haiungani tena kwa kuongeza maji.

Uzuri ni kwamba uwiano huo haubadiliki. Meli ya Challenger ilizunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876, na William Dittmar akachambua sampuli 77 za maji yake; chumvi ilipungua na kuzidi toka mahali hadi mahali, lakini fungu la kila kitu ndani ya chumvi hiyo likabaki lile lile. Ndiyo maana mfuko mmoja wa chumvi ya matumbawe unaweza kumfaa wa Kigoma na wa Norway. Ila tia chumvi kwenye maji, si maji kwenye chumvi, maana lita ya kwanza ikikutana na kilo tatu za chumvi utakuwa umeanzisha ile ndoo yangu upya. Koroga kwa pampu hadi kesho yake. Na kamwe usichanganyie ndani ya tangi lenye viumbe.

Lengo ni gramu 35 kwa kilo ya maji, sawa na uzito linganifu wa 1.026 kwenye nyuzi 25. Kifaa cha kutazamia kwa jicho ni bora kuliko kile cha kuelea, mradi ukirekebishe kwa kimiminika cha chumvi cha 35 badala ya maji matupu, kwa sababu makosa ya kifaa hicho mara nyingi yako huko juu ya kipimo. Kiangazi, Juni hadi Agosti, upepo ni mkavu na tangi lisilo na kifuniko linapungua ukiona. Tangi la lita 100 likipoteza lita 5, chumvi inapanda kutoka 35 hadi karibu 37, maana kilichoondoka ni maji peke yake. Rudisha maji matupu hadi kwenye alama, kila siku. Nimemwona mwenzangu akijazia maji ya chumvi kila yanapopungua, kwa nia njema kabisa, hadi 41.

Hapo sasa tunaweza kuizungumzia pH, maana ndiyo iliyonipoteza mara ya pili.

Ifikirie kama bei ya dagaa pale Kibirizi. Bei haijisimamii, inatokana na mzigo ulioshushwa na wanunuzi waliofika. Mzigo ni kaboni dayoksaidi, ukizidi bei inashuka. Wanunuzi ni ualkali, wakizidi bei inapanda. Maji yenye digrii 7 za ualkali yakiachwa yapatane na hewa safi hufika pH 8.1 au 8.2, na hiyo ndiyo bahari. Yenye digrii 18 yakiachwa kwenye hewa hiyo hiyo hufika karibu 9, na hilo ndilo ziwa. Tangi langu la pili, lililochanganywa kwa maji matupu, lilisoma 7.8 kila asubuhi. Nikatia bikaboneti ya sodiamu. Likapanda kidogo, kesho yake 7.8. Nikatia tena. Baada ya siku nane ualkali ulikuwa digrii 14, kipasha joto kimevaa ganda jeupe, na pH ya asubuhi ni 7.9.

Wanunuzi hawakuwa na tatizo. Mzigo ndio uliokuwa mwingi: chumba kimefungwa madirisha usiku, watu wanne wanapumua, na jiko la mkaa lilikuwa korido. Usiku pia mwani hausanishi chakula, unapumua tu kama sisi. Njia ya kujua ni nyepesi. Chota maji ya tangi kwenye glasi, yapeleke nje, yapulizie hewa kwa pampu ya mapovu saa nzima, upime tena. pH ikipanda, tatizo ni hewa ya ndani, na tiba yake ni dirisha, si unga.

Ualkali ukiwa kweli umeshuka, hapo unga una kazi. Gramu 3 za bikaboneti ya sodiamu kwenye lita 100 huongeza digrii moja. Ni ile poda ya wapika keki iliyo tupu, wala si hamira, wala si ile iliyochanganywa na asidi ili iumuke yenyewe. Magadi ya sokoni, haya ya kulainishia maharage, kikemia ni binamu yake, na nimeshaulizwa mara tatu kama yanafaa. Yana udongo na floridi. Yaache kwenye maharage. Kwa kalsiamu, gramu 3.7 za kloridi ya kalsiamu yenye maji ndani yake huongeza miligramu 10 kwenye lita hizo 100. Viwili hivi usivitie saa moja wala pembe moja ya tangi. Kimoja asubuhi, kingine jioni, na ualkali usiupandishe zaidi ya digrii moja kwa siku. Tumbawe linavumilia digrii 7, linavumilia 10. Lisilovumilia ni kwenda 7 leo, 10 kesho na 7 keshokutwa.

Yote haya yanaweza kuwa sawa na tangi bado likaua, kama bakteria hawajaingia. Kinyesi na chakula kilichooza hutoa amonia. Kundi moja la bakteria huigeuza naitraiti, jingine hugeuza naitraiti kuwa naitreti. Makundi hayo huchukua wiki tatu hadi sita kujaa kwenye mawe na mchanga. Hapa mfugaji wa samaki wa ziwani ana faida moja, kwani ameshafundishwa kuiogopa amonia kwenye pH ya juu. Amonia ina sura mbili, moja ya sumu na nyingine pole. Kwenye pH 7 na joto la nyuzi 25, ya sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8.2 ni 7 au 8. Kwenye pH 9 ya Tanganyika ni theluthi nzima. Bahari iko katikati, na naitraiti ndani yake haina makali iliyo nayo kwenye maji baridi, kwa kuwa kloridi nyingi huizuia kupenya kwenye matamvua. Tangi tupu likilishwa amonia kidogo, nalo likaimaliza ndani ya siku moja bila kuacha naitraiti, limeiva. Naitreti ya 2 hadi 10 na fosfeti chini ya 0.1 ni sawa; sifuri kabisa nayo ni njaa, usiitafute.

Matumbawe yenyewe usiyafuate kwa nyundo Mafia au Mnemba. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kuvuka nayo mpaka kunataka kibali, na yaliyokatwa kutoka kwenye mashamba ya matumbawe huzoea tangi upesi kuliko ya porini.

Tangi langu liko wiki ya tisa. Kalsiamu 425, ualkali 8.1, magnesiamu 1,310, na pH sijaipima tangu Jumapili. Waliomo ni konokono wawili tu, waliotoka kwa mfugaji mwenzangu wa Dar es Salaam, na juzi mawe yameanza kushika madoa ya zambarau yenye ukubwa wa punje ya dengu. Ni mwani wa chokaa, uliosafiri juu ya magamba ya konokono. Nao hujijenga kwa kalsiamu na bikaboneti, kwa kuwa umekuta vyote viwili vipo na havijagombana. Mzee wa Ujiji alipita akauliza samaki wako wapi. Nikamwonyesha madoa. Akavaa miwani, akainama mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo, nikamweleza hiyo ni chokaa inaota.

"Kumbe," akasema, "bado unapaka."